Sura ya Saba: Kamba ya Amuge

Karatasi ilikuwa na namba saba tu, zimeandikwa moja chini ya nyingine kwa kalamu ya bluu: 82, 80, 74, 61, 50, 44, 39. Baada ya thelathini na tisa kalamu ilikuwa imeburutwa hadi ukingoni mwa karatasi, kama mkokoteni uliomponyoka mwenyewe mteremkoni.

Inspekta Benedetta Nanjala aliisukuma karatasi hiyo mezani.

"Hizi ni nini?"

Mukhtar aliitazama bila kuigusa. "Namba."

"Hata binti yangu wa chekechea angeniambia hivyo. Namba za nini?"

"Afande, mimi niko na malori matatu. Nionyeshe namba ya lori langu, nitakwambia lilipita mpaka siku gani na lilibeba nini. Hizi sizijui."

Kituo cha polisi kilikuwa kidogo, nyuma ya yadi ya malori pale Malaba, na joto la asubuhi lilikuwa limeshaanza kuyapasha mabati. Konstebo Oduori wa mezani alikuwa amefungua vifungo viwili vya shati. Mukhtar alikuwa amevaa sweta nzito ya sufu, mikono yake imevutwa hadi kwenye ncha za vidole. Nanjala aliiona ile sweta. Aliiona, akaendelea na maswali yake.

"Jumamosi mchana ulisimama mlangoni kwa Ochom ukapiga kelele: 'Utanipa, ama utaniona!' Majirani watatu wameandikisha. Akupe nini?"

"Maneno ya wanaume hayo."

"Alikupa?"

"Hakunipa kitu."

"Jumapili jioni mama mwenye nyumba akatoka kwaya, akamkuta Ochom amelala kwenye mkeka, mfu. Kijana wa miaka thelathini na miwili, hana hata mkwaruzo."

Mukhtar aliinamisha kichwa. Kisha akauliza jambo ambalo Nanjala aliliandika daftarini na kulipigia mstari, ingawa hakujua bado ni la kazi gani.

"Simu yake mlipoipata... ilikuwa imenipigia? Jumapili jioni, ama Jumatatu asubuhi?"

"Kwa nini ikupigie?"

"Basi tu, afande."

Kuna kanuni moja ambayo Nanjala alifundishwa katika chuo cha polisi cha Kiganjo na hajaivunja kwa miaka kumi na minne: mshukiwa haambiwi kilichomuua marehemu, huachwa mpaka ajikwae mwenyewe. Kwa hiyo hakumwambia Mukhtar kwamba daktari wa serikali alikuta tumboni mwa Ochom maji meusi, wala kwamba moyo wa kijana yule ulikuwa umesimama kama saa iliyokwisha betri. Hakumtajia chupa ya glasi iliyokutwa tupu juu ya kigoda, imebandikwa kikaratasi chenye namba 1. Wala hakumtajia ile kamba ya katani kwenye pipa la takataka, iliyokatwa kwa mkasi, fundo lake bado zima.

Chupa hiyo ndiyo iliyomnyima raha tangu Jumapili. Mtu habandiki namba moja kama hana mbili. Mahali fulani kati ya Malaba na Busia palikuwa na chupa ya pili, na mtu ambaye angeinywa wakati wowote.

Alipotoka alisimama mezani kwa Oduori.

"Dada yake Mukhtar analeta chakula saa ngapi?"

"Saa saba kamili, madam. Huyo Ziada hachelewi. Jana jioni alileta pilau, hata mimi..."

"Oduori."

"Nilinusa tu, madam."

"Sikiliza. Aliyemlisha Ochom sumu yuko nje, na huenda anataka kumnyamazisha huyu kabla sijamfikisha kortini kesho. Kuanzia leo hakiingii kitu korokoroni kabla aliyekileta hajakionja. Chakula, chai, maji, dawa. Aonje mbele yako, ameze, uandike kwenye OB, kitabu cha matukio."

"Na chupa za glasi?"

"Glasi haiingii. Hilo unalijua."

"Madam, hapa hata inzi ataonja kwanza."

Nanjala alichukua ufunguo wa gari la kituo, ambalo lilikuwa moja, akashika barabara ya Alupe.

*

Maabara ya Daktari Makokha ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la kijani. Haikuwa ya serikali wala ya chuo. Aliijenga mwenyewe baada ya kustaafu, akamwajiri fundi sanifu mmoja, naye ndiye huyo Ochom. Kazi yao ilikuwa kutafuta ndani ya mimea ya wenyeji viini vya kuzuia virusi. Mwaka huu, mpox ilipoanza kuwatoa madereva vipele kwenye foleni ya malori, walikuwa wameongeza bidii.

Makokha alivaa miwani yake, akaipokea ile karatasi. Alizisoma namba kutoka juu hadi chini. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda polepole, vidole viwili vikajituliza ubavuni mwa shingo yake mwenyewe, chini ya taya.

"Mungu wangu," alisema.

"Ni nini, daktari?"

"Ni mapigo ya moyo."

Huko kituoni walikuwa wamezisoma namba hizo kama magunia, kama tani za mizigo, na kwa sababu hiyo walimkamata mwenye malori.

"Alikuwa akijipima," Makokha aliendelea. "Themanini na mbili, huyo ni mtu mzima ameketi. Themanini. Sabini na nne. Pengine kila robo saa. Ndivyo nilivyomfundisha mimi: ukijaribu kitu, andika. Hata mkono ukitetemeka, andika."

Akaketi kwenye stuli bila kuangalia kama ipo.

"Karatasi ilikuwa kando ya mto wake wa kulalia, pamoja na saa ya mkononi," Nanjala alisema. "Uso wa saa umeelekezwa kwa Ochom. Alijaribu nini?"

Makokha alivuta daftari la maabara na sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, kama kikaango cha vitumbua vya wanasesere.

"Mpox yenyewe hatuishiki hapa. Tunatumia virusi binamu yake, vya upole. Kila kishimo kina chembe hai. Tunaviacha virusi viingie ndani ya chembe, kisha tunadondosha mchuzi wa mmea. Siku mbili baadaye tunatafuta virusi."

"Msipoviona?"

"Mmea umevizuia." Aliirudisha sahani mezani. "Ama..."

"Ama?"

"Ama umeua kila kitu. Virusi havizaani ndani ya maiti, inspekta. Ukiichoma nyumba moto, hutaona panya tena, lakini huwezi kujisifu kwamba umepata dawa ya panya. Kwa hiyo tunapima mara mbili. Virusi, kisha uhai wa chembe."

Nanjala alifungua ukurasa wa mwisho. Mistari mitatu, kwa mwandiko wa kalamu ile ile ya bluu. A: virusi ni vingi. B: vimepungua kwa nusu. C: hakuna hata kimoja. Pembeni mwa C, Ochom alikuwa ameandika neno moja la Kiteso kwa herufi kubwa, *EYALAMA*, asante, akalizungushia duara mara tatu.

Safu ya pili iliandikwa juu yake "uhai wa chembe". Kuanzia A hadi C ilikuwa nyeupe.

"Hii imeachwa wazi," alisema Nanjala.

Makokha aliinama juu ya ukurasa hadi miwani ikakaribia kuugusa. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta hakuna nyumba.

"Dawa ya kupimia uhai ilikuwa imetuishia. Ijumaa nilimwambia, tungoje, inaletwa Jumatano. Akasema sawa, mwalimu." Alitazama kalenda ukutani. "Jumatano ni kesho."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Ochom? Mzima kama fahali."

"Basi alijijaribia kwa ajili ya nani?"

"Kuna rafiki alikuwa akimsumbua ampe dawa. Jina hakunitajia. Nilimkataza."

"Hivi vitu A, B, C, mlivipata wapi?"

"Moding. Kwa mganga mmoja, mama Amuge. Ochom alikwenda mwenyewe. Alirudi na kitita kimoja cha vijiti vitatu, vimefungwa pamoja kwa kamba."

Nanjala alifunga daftari. Mganga mwenye siri ya ukoo. Maabara iliyotaka kuijua siri hiyo. Kijiti kimoja cha sumu katikati ya vitatu. Alitia pingu mfukoni.

*

Amuge alikuwa akianika muhogo juu ya jabali nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mwanamke mpana, umri wake kama miaka sitini, amevaa fulana ya kina mama wa kigango cha kanisa na kofia ya mgombea fulani wa udiwani aliyeshindwa. Alimtazama Nanjala akipanda, akacheka kabla hajasalimiwa.

"Polisi wa kike! Umekuja kutafuta dawa ya tumbo ama ya bwana?"

"Nimekuja kwa habari ya Ochom."

"Huyo! Mwambie kuku wake ameliwa. Nilimchinjia Jumamosi, nikangoja mpaka jua likachoka. Watoto wa siku hizi, unawapikia wanakupa mgongo."

"Ulimngoja kwa nini?"

"Si nilimwambia arudi Jumamosi? Tufungue kamba."

Nanjala alitoa mfuko wa ushahidi. Ndani yake ilikuwa ile kamba ya katani. Amuge alisogea karibu akiwa bado anatabasamu, akaona fundo, kisha akaona pale mkasi ulipopita. Tabasamu lilikufa. Vipande vya muhogo vilivyokuwa mikononi mwake vilianguka juu ya jabali, kimoja kimoja.

"Nani amekata hii?"

Hapo Nanjala alifanya ambalo hakumfanyia Mukhtar. Alisema ukweli.

"Ochom. Jumapili alichemsha kijiti kimoja, akanywa. Amekufa, mama."

Amuge alikaa chini papo hapo, katikati ya muhogo wake. Alisema maneno ya Kiteso kwa sauti ya chini, tena na tena, akipangusa magoti kana kwamba kuna vumbi. Zile pingu mfukoni mwa Nanjala zilianza kuwa nzito kwa namna nyingine.

"Nieleze vile vijiti," alisema.

"Kimoja ni dawa. Kimoja ni mwenzi, anatuliza tumbo dawa ikiingia. Kimoja ni mlinzi."

"Anamlinda nani?"

"Analinda dawa! Mwizi asiibe. Mama yangu alifunga hivyo, na mama yake alifunga hivyo. Unachukua kitita, unakaa nacho siku tatu nione kama uko na subira. Siku ya tatu unarudi, mimi nafungua fundo na mkono yangu, mlinzi natupa kwa jivu, hizo mbili nakuchemshia mwenyewe. Mtu yeyote hapa Moding, hata mlevi, anajua: kamba haikatwi. Ukikata, umechagua mwenyewe."

"Ulimweleza Ochom hayo yote?"

"Nilimwambia, 'Rudi Jumamosi tufungue.' Akasema, 'Ndiyo, mama.'" Amuge aliinua uso. "Afande, anaitwa Ochom. Aliniamkua Kiteso kizuri kushinda cha padri. Nimweleze Mteso maana ya kamba? Hiyo ni kama kumwambia mtu asikanyage kaburi ya baba yake. Ni matusi!"

"Alizaliwa Nakuru, mama. Alilelewa kambini kwa wafanyakazi wa reli. Kiteso alifundishwa na mama yake. Kamba hakuna aliyemfundisha."

Upepo ulipeperusha unga mweupe wa muhogo kati yao.

"Alidhani umevichanganya ili kumficha dawa yenyewe," Nanjala alisema, akipanga maneno jinsi anavyopanga vielelezo. "Kwa hiyo akavipima vyote vitatu, maabara imwambie dawa ya kweli ni ipi. Kimoja hakikufanya kitu. Kimoja kilipunguza virusi nusu. Cha tatu kilivimaliza vyote. Hicho cha tatu, daktari anasema, kilikuwa na gome jeusi lenye nyufa."

Amuge alifumba macho. "Huyo ndiye mlinzi. Mababu walipaka mishale na yeye."

"Maabara ilikuwa inatafuta kinachoua."

"Basi ikakipata. Na dawa yangu?"

"Bado imo kwenye droo ya Daktari Makokha. Imeandikwa B."

Amuge alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake, kama mtu aliyekohoa. Kisha akamtazama Nanjala kwa jicho jembamba.

"Lakini mtu mzima hapiki dawa ajinywee tu. Anapikia mgonjwa. Mgonjwa yake ni nani?"

Nanjala alikuwa ameshafungua daftari lake. Swali alilokuwa amelipigia mstari asubuhi lilikuwa pale: *Simu yake ilikuwa imenipigia?*

Sweta ya sufu kwenye joto lile. Mikono iliyofichwa hadi kwenye kucha. Mtu ambaye hakuigusa karatasi, hakuigusa meza, hakumpa mtu mkono. Mwenye malori mwenye vipele, anayejua kwamba akionekana hospitalini atatengwa wiki nne na malori yake yatalala mpakani. *Utanipa, ama utaniona!* Na Ochom, kijana mwema, akampa: namba mbili hii hapa, lakini usiinywe. Mimi nakunywa namba moja kwanza. Nikiamka salama nitakupigia.

Simu haikupigwa. Na Mukhtar hakuambiwa kwa nini. Kwake yeye Ochom alikufa kwa jambo jingine kabisa, na dawa ilikuwa bado dawa.

"Saa ngapi?" Nanjala aliuliza, ingawa saa ilikuwa mkononi mwake. Saba na dakika ishirini; chakula cha Mukhtar kilikuwa kimeshafika.

Alipiga simu. Simu ikalia mara moja, ikakatika, na ujumbe ukaingia: *Karibu Uganda.* Alipanda jabali kwa viatu vya ofisi, akateleza, akapanda tena, ameinua simu juu ya kichwa akiutafuta mtandao wa nchi yake, Amuge nyuma yake akiuliza, "Ni nini? Afande, ni nini?" Kileleni, mstari mmoja wa mtandao ukatokea.

"Kituo cha..."

"Oduori! Mukhtar ameletewa nini?"

"Madam, pole kwa safari. Usiwe na wasiwasi, kila kitu iko sawa. Ugali, maini, sukuma. Na dawa yake ya kikohozi."

"Dawa gani?"

"Ya kienyeji, nyeusi hivi. Ilikuwa kwa chupa ya glasi yenye namba mbili, nikakataa, si ulisema glasi haiingii? Dada yake akamimina kwa chupa ya soda."

"Amekunywa?"

"Mukhtar? Bado, anaswali adhuhuri. Nimemwekea hapa mezani."

Nanjala aliinama, akashika goti kwa mkono mmoja. Pumzi ilimtoka kwa kishindo. Amuge alimwona akipumua, naye akaanza kupumua.

"Mwaga," Nanjala alisema. "Hapana, usimwage, ni ushahidi. Iweke mbali. Mtu asiiguse."

"Sawa, madam. Lakini haina shida, ilionjwa."

Kule bondeni mbuzi alilia. Nanjala alisikia kila kitu kwa uwazi wa ajabu: mbuzi, upepo, mlio mdogo wa simu kuonyesha betri inapungua.

"Ilionjwa na nani?"

"Na Ziada. Vile uliagiza. Alisema ni chungu, anaogopa, nikamwambia hiyo ni amri ya inspekta mwenyewe, kama hutaki rudi nayo. Akasema kaka yake ni mgonjwa. Akanywa vifuniko viwili, akameza, nikaandika kwa OB. Saa saba na dakika tano."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapa kwa benchi, madam. Anangoja kuona ndugu yake." Oduori akacheka kidogo. "Anasema eti benchi inazunguka."

Nanjala hakukumbuka baadaye ni lini alianza kupiga kelele. Alimwambia Oduori kwamba ile ni sumu, ni ile ile ya Ochom, ambebe Ziada hospitali sasa hivi, awaambie madaktari ni sumu ya moyo, wasingoje dalili nyingine. Oduori alisema gari la kituo unalo wewe, madam. Alimwambia asimamishe lori, asimamishe boda, asimamishe chochote chenye magurudumu. Alisikia kiti kikianguka, Oduori akiita barabarani kwa sauti ya mtoto, na mbali, korokoroni, Mukhtar akiacha swala katikati na kuuliza, "Ziada? Ziada ana nini?"

"Tumepata pikipiki, madam! Namshikilia!"

"Mshike kifundo cha mkono. Hesabu mapigo. Dakika nzima, saa yako mbele ya macho. Usikate simu."

Dakika hiyo ilikuwa ya injini na upepo. Amuge alikuwa amefika kileleni. Alisimama kando yake, mikono kichwani.

"Ni nani alimwambia huyo mtoto aonje?" aliuliza.

"Mimi."

Sauti ya Oduori ilirudi, nyembamba, ikikatizwa na honi.

"Sabini na nne, madam. Hiyo ni nzuri, ama?"

Nanjala alikuwa ameifungua ile karatasi juu ya jabali, ameibana kwa kiganja isipeperuke. Themanini na mbili. Themanini. Sabini na nne. Chini yake zilibaki namba nne, kisha ule mburuto wa kalamu.

"Endesheni," alisema. "Hesabu tena."